Msimpe Mtu Funguo za Zamu Kabla ya Kumfundisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya uchumi aliyeandika kwamba kampuni nyingi hudorora kwa sababu mbili: mtaji mdogo na wafanyakazi wasiojituma. Makala yake nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimelitafuta neno "meneja" nisilione. Nimefanya kazi miaka 26 katika kiwanda cha maboksi ya kufungashia bidhaa, miaka 14 nikiwa opereta wa mashine na 12 nikiwa msimamizi wa zamu. Sasa nimestaafu. Katika miaka hiyo nimeona mtaji ukiongezwa na hasara ikabaki palepale. Nimeona pia wafanyakazi walewale walioitwa wavivu wakizalisha kuliko walivyowahi kuzalisha, baada ya kubadilika kwa mtu mmoja tu aliyekuwa juu yao. Siwezi kunyamaza.

Nianze na mimi mwenyewe, maana kosa ninalolisema nililifanya kwa mikono yangu.

Nilipandishwa cheo kwa sababu nilikuwa opereta bora. Mashine ya kukunja na kugundisha niliijua hata kwa sauti. Mkanda ukianza kulegea nilisikia kabla haujateleza. Jumatatu moja asubuhi niliitwa ofisini, nikapongezwa, nikakabidhiwa funguo za stoo, rejesta ya zamu na kalamu. Hatukuzungumza hata robo saa. Nikatoka pale nikiwa kiongozi wa watu 22. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuwapanga watu hao katika vituo saba siku ambayo watatu hawajafika. Hakuna aliyenionyesha jinsi ya kusoma ripoti ya gharama, wala jinsi ya kumwambia mtu mzima aliyenizidi umri kwamba kazi yake haijafikia kiwango, nikamwambia bila kumvunjia heshima.

Nilichokijua ni mashine, basi nikakimbilia mashine. Ikikwama nilimsogeza opereta pembeni nikaitengeneza mwenyewe. Ikianza tena kufanya kazi, moyo wangu ulitulia, nikaamini nimetimiza wajibu. Nyuma yangu watu wamesimama wakisubiri maelekezo, lori linangoja kupakiwa, na yule opereta amejifunza jambo moja tu: mashine ikikwama, mwite mama. Katika mwaka wa kwanza na nusu waliondoka watu wawili hodari kuliko wote niliokuwa nao. Mmoja alisema wazi kwamba kwangu hawezi kujifunza kitu.

Lakini lililoniuma zaidi ni suala la gundi. Mwanamke mmoja wa kituo cha gundi aliniambia, "Mama, gundi ya siku hizi inakuwa nzito mapema." Nikamjibu gundi ni ileile, aendelee na kazi. Wiki iliyofuata akarudia. Mara ya tatu nilimkemea mbele ya wenzake, nikasema anatafuta kisingizio cha kutofikisha idadi. Hakusema tena. Haukupita muda mrefu, mteja mmoja mkubwa akarudisha shehena nzima, kwa kuwa maboksi yalikuwa yanaachia kwenye maungio mara tu yanapopangwa ghalani. Tulipochunguza tulikuta mapipa ya gundi yamehamishiwa ukutani, karibu na bomba la mvuke linalotoka kwenye boila. Joto lilikuwa linakausha maji ya gundi kabla haijafika kwenye mashine. Kuyahamisha mapipa yale hakukuchukua hata saa moja. Ripoti iliyokwenda ngazi za juu ilisema sababu ni uzembe wa wafanyakazi. Aliyeiandika na kuitia saini ni mimi.

Ndiyo maana kila ninaposoma kwamba wafanyakazi ni wazembe, najiuliza ripoti hiyo ilisainiwa na nani.

Sasa nije kwenye mtaji. Mwaka uliofuata uongozi ulinunua mashine mpya yenye uwezo wa kutoa maboksi mara mbili ya ile ya zamani kwa saa. Mafundi wa waliotuuzia walikaa nasi wiki tatu wakiwafundisha maopereta. Sisi wasimamizi hatukuitwa, na wala hatukuomba. Miezi sita baadaye idadi ya maboksi mazuri mwisho wa zamu ilikuwa imepanda kidogo tu. Kubadilisha vipimo kutoka boksi dogo kwenda kubwa kulituchukua saa nzima na nusu kwa kuwa spana zilikuwa upande mmoja wa jengo na vibao vya kukatia upande mwingine. Karatasi ilikuwa inachelewa kutoka stoo kwa sababu hakuna aliyeiagiza mapema. Mashine ilikimbia kasi mara mbili, kisha ikasimama muda mara mbili. Mtaji ulikuwapo, Mhariri, umesimama katikati ya jengo na umefungwa taa za kijani. Aliyekosekana ni mtu aliyefundishwa kuuongoza.

Mambo yalibadilika alipokuja meneja mpya wa uzalishaji. Tulitegemea atakuja na onyo. Badala yake alituita wasimamizi wote wanne, akasema kila Jumatano, kwa saa mbili kabla ya zamu ya mchana, tutakuwa darasani naye kwa miezi minne, na kitabu chetu cha kusomea ni rejesta zetu wenyewe. Siku ya kwanza alitusimulia habari ya kiwanda cha magari cha General Motors kule Fremont, California. Kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya: migogoro isiyoisha, magari yenye kasoro, na utoro uliofikia kama asilimia 20. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota. Walioajiriwa wengi wao walikuwa wafanyakazi walewale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kilekile. Ila viongozi wa vikundi walipelekwa kwanza Japani kujifunza namna ya kuongoza kazi, na kila mfanyakazi akapewa ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha mstari wa kuunganisha magari akiona kasoro. Katika muda mfupi kiwanda hicho kikawa miongoni mwa bora katika kampuni nzima. Alipofika hapo akatuuliza, "Kwenu hapa nani ana ruhusa ya kuvuta kamba?" Nikamkumbuka yule mwanamke wa gundi. Alivuta kamba mara tatu, nami nikaikata.

Alichotufundisha baadaye nilikuja kugundua kina historia ndefu. Marekani ilipokuwa katika Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipokea mamilioni ya watu ambao hawajawahi kushika mashine, na wasimamizi wengi walikuwa wapya kama wafanyakazi wao. Kati ya mwaka 1940 na 1945 uliendeshwa mpango wa kuwafundisha wasimamizi hao kazini, somo moja kwa saa 10 tu, zikigawanywa katika vipindi vya saa mbili. Masomo makuu yalikuwa matatu: namna ya kumfundisha mtu kazi, namna ya kuboresha kazi yenyewe, na namna ya kukaa vizuri na watu. Baada ya vita mpango huo ukapelekwa Japani, na Toyota ni mmoja wa walioukumbatia.

Somo la kufundisha kazi lilinionyesha nilivyokuwa nakosea. Nilizoea kumwambia mgeni, "Tazama ninavyofanya," nikafanya haraka, nikaondoka. Meneja alitutaka tuigawe kila kazi katika hatua, na kwa kila hatua tuandike jambo la kuangalia na sababu yake. Kisha umwandae mtu, umwonyeshe, umwache afanye huku akikueleza kwa maneno yake, halafu umrudie. Kazi ya kufunga kisu cha kukatia, ambayo mgeni alikuwa anaijua baada ya mwezi, akawa anaijua kwa siku sita. Somo la kukaa na watu nalo lilikuwa na hatua zake: pata ukweli wote, upime, uchukue hatua, kisha uangalie matokeo. Ni maneno mepesi. Lakini ukiyapima na nilivyoshughulikia suala la gundi, hakuna hata hatua moja niliyoifuata. Jumatano ile ile baada ya darasa nilikwenda kituo cha gundi nikamwomba yule mwanamke radhi mbele ya wenzake walewale niliomkemea mbele yao. Alinyamaza kidogo kisha akaniambia kuna mambo mengine mawili ameyaona.

Tuliweka pia ubao ukutani. Kila mashine iliposimama, opereta aliandika saa, dakika na sababu. Mwezi wa kwanza tulidhani ubovu wa mashine ndio utakaoongoza. Ilikuwa ni kusubiri karatasi. Kila siku nilianza zamu kwa kikao cha dakika 10 cha kusimama, hapohapo kando ya ubao, kila kituo kiseme jana kilikwamishwa na nini. Mwanzoni mashine yangu ilisimama karibu saa tatu kwa zamu. Mwisho wa miezi minne ilikuwa chini ya saa moja. Hatukuongezewa mtu, hatukununuliwa hata spana mpya. Tuliitundika ya zamani pale inapotumika.

Msomaji anaweza kusema hiyo ni hadithi ya kiwanda kimoja na mwanamke mmoja. Ni haki yake. Basi, tangu nistaafu nimekuwa nikisoma waliopima jambo hili kwa kipimo kikubwa kuliko cha kwangu. Wachumi wakiongozwa na Nicholas Bloom walichukua viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, kampuni 17 zenye viwanda 28. Baadhi ya viwanda wakavipa washauri bure wa kuwasaidia mameneja kwa miezi kadhaa. Vingine vikafanyiwa uchunguzi tu wa kuonyesha kasoro zao. Waliyofundishwa hayakuwa makubwa: kuandika kasoro za nguo na kuzijadili kila siku, kupanga stoo ya nyuzi, kuzitunza mashine kabla hazijaharibika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Tija ya viwanda vilivyosaidiwa ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Nilipofika kwenye maelezo ya wamiliki kwamba kabla ya hapo hawakuona haja ya kuandika kasoro, kwa kuwa waliamini ubora wao hauna tatizo, niliona kama nimerudi kiwandani kwangu.

Mfano wa pili unamhusu moja kwa moja mwandishi wako, kwa sababu umeweka mtaji upande mmoja na mafunzo upande mwingine. Baada ya vita, kati ya mwaka 1952 na 1958, Marekani ilizisaidia kampuni za Italia kwa njia mbili. Nyingine ziliwapeleka mameneja wao Marekani kujifunza uendeshaji katika viwanda vya huko. Nyingine zilipewa mikopo ya kununua mashine za kisasa za Kimarekani. Mtafiti Michela Giorcelli alifuatilia maisha ya kampuni hizo na kuchapisha alichokiona mwaka 2019. Zilizopeleka mameneja ziliendelea kukua, kwa mauzo, ajira na tija, kwa angalau miaka 15. Zilizopata mashine peke yake zilifaidika kwa muda mfupi, faida ikafifia. Nilitamani ningekuwa na utafiti huo mkononi siku ile tuliponunuliwa mashine yenye taa za kijani.

Najua majibu ya wakurugenzi, maana nimeyasikia kwa masikio yangu. La kwanza: "Nikimfundisha, ataondoka." Wale wawili walioondoka kwangu hawakuondoka kwa sababu walifundishwa. Waliondoka kwa sababu msimamizi wao hakuwa amefundishwa.

La pili ni zito kidogo: "Tumeshawapeleka semina." Kweli, nami nimeshapelekwa. Siku mbili ukumbini, picha za ukutani zikibadilika, maneno makubwa kuhusu uongozi na maono, na mwisho cheti chenye jina langu limekosewa herufi. Nilirudi kazini Jumatatu nikafanya vilevile nilivyofanya Ijumaa. Tangu mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa mafunzo wa Marekani, aliwafundisha watu wa mafunzo kupima mambo manne: kama waliofundishwa wameridhika, kama wameelewa, kama wamebadili utendaji wao kazini, na kama kampuni imepata matokeo. Kampuni nyingi huishia kwenye la kwanza. Hugawa fomu mlangoni, watu wakaweka alama kwamba mkufunzi alikuwa mzuri, faili likafungwa. Mafunzo yaliyonibadilisha hayakunipa cheti. Yalinipa kazi ya kufanya kati ya Jumatano na Jumatano, na mtu wa kuja kuniuliza mbele ya mashine imefikia wapi.

Kuna na hili la kumpandisha cheo aliye hodari. Sisemi hodari asithaminiwe. Nasema kazi ya kuongoza ni kazi nyingine. Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza wauzaji katika kampuni nyingi za Marekani, wakaona kwamba wanaouza zaidi ndio hupewa umeneja, na kwamba hao hao, kwa wastani, vikundi vyao hufanya vibaya kuliko vya wale waliouza kidogo kabla ya kupandishwa. Kampuni inapoteza muuzaji mzuri na kupata meneja dhaifu siku hiyohiyo. Dawa si ngumu kuifikiria: fundi hodari aongezwe mshahara na heshima akiwa fundi, awe mwalimu wa mafundi wenzake, asilazimike kuacha mashine ndipo mapato yake yakue. Na anayetaka kuongoza apewe kwanza nafasi ya kujaribiwa, wiki chache kama msaidizi, akifundishwa.

Wala tusidhani ni tatizo la nchi zisizo na vyuo. Uingereza, ambako taaluma ya umeneja ina chama chake chenye hati ya kifalme, uchunguzi wa mwaka 2023 uligundua kwamba asilimia 82 ya waliokuwa mameneja waliingia kwenye kazi hiyo bila mafunzo rasmi. Wanane katika kila 10! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wazee, na anayeuona umeneja ni kukaa ofisini na kuamrisha ataendelea kuamini kwamba hauhitaji kufundishwa. Katika kampuni moja kubwa ya huduma ya Marekani, mchumi Edward Lazear na wenzake walikadiria kwamba kumtoa bosi aliye katika asilimia 10 ya chini na kumweka aliye katika asilimia 10 ya juu kunaongeza kazi ya kikundi cha watu tisa sawa na kuwaongezea mtu wa 10. Mkurugenzi anayekataa kulipia saa mbili kwa wiki za kumfundisha msimamizi ajue kwamba tayari analipa zaidi ya hapo.

Niseme na ukweli mwingine usiopendeza. Yule meneja wetu alihamia kampuni nyingine baada ya miaka mitatu. Aliyemfuata hakuona maana ya darasa la Jumatano. Ubao ulibaki ukutani, kwanza ukiandikwa nusu, kisha ukaanza kubandikwa matangazo ya likizo. Mimi niliendelea na kikao changu cha dakika 10 mpaka siku niliyostaafu, lakini zamu nyingine zilikiacha. Hata kule India, watafiti waliporudi baada ya miaka kama tisa walikuta karibu nusu ya taratibu zilizoanzishwa zimeachwa, na sababu kubwa zilizotajwa ni kuondoka kwa mameneja waliofundishwa na wakurugenzi kukosa muda. Bado viwanda vile vilikuwa mbele ya ambavyo havikusaidiwa. Kwa hiyo mafunzo ni kama matengenezo ya mashine: huwezi kuipaka grisi mara moja ukaenda zako. Lazima yawe kwenye kalenda, yawe na bajeti yake, na mkurugenzi mwenyewe aulizie.

Mwezi uliopita kijana aliyekuwa opereta wangu alinipigia simu. "Shikamoo mama. Nimepewa zamu." Nikamwitikia, nikampongeza kwa dhati, maana ni kijana makini, mashine anaijua kwa sauti kama mimi. Nikamuuliza amefundishwa nini. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wamenipa funguo na rejesta."

Jumatano hii atakuja kwangu baada ya kazi, na Jumatano zote zitakazofuata hadi miezi minne itimie. Nimemwambia funguo aziache, aje na rejesta. Tutaanza na ukurasa wa siku yake ya kwanza.

Msomaji wako,
Msimamizi wa zamu mstaafu, kiwanda cha maboksi